Konekisheni, kipaji na ile laki sita

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni binti wa miaka 22, naishi Tanga, naimba tangu nikiwa shule ya msingi. Nimeimba kwenye harusi na shughuli nyingi za mtaani na watu wanasema sauti ninayo. Mwaka jana nilikwenda Dar kwenye usaili wa lebo moja, nikafika hatua ya mwisho, akachukuliwa kijana ambaye kila mtu pale alijua ni mtoto wa kigogo. Sasa hivi ngoma yake inapigwa kila kona. Mimi nina wimbo mmoja niliorekodi na rafiki yangu anayepiga kinanda, na kuna mtu ameniambia nimpe laki sita ausukume redioni. Nafikiria kuuza cherehani aliyoniachia bibi. Naomba uniambie ukweli, kipaji kina maana yoyote kama huna mtu? Niendelee au niache?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nianze na lenye haraka: hiyo laki sita usiitoe, na cherehani ya bibi isiuzwe. Sababu nitazitaja nikifika huko. Swali lako kubwa nalijibu kwanza, tena kwa urefu, kwa sababu vijana wengi wameniuliza hilo hilo na majibu mepesi yamewaumiza.

Konekisheni zipo na zina nguvu. Kijana aliyechukuliwa mbele yako huenda alichukuliwa kwa ajili ya baba yake, na uchungu ulio nao ni wa haki. Ukikutana na mtu anayekwambia kipaji hujitangaza chenyewe, muulize nani alimpeleka studio mara ya kwanza, nani alimlipia nauli, nani alimpigia simu mtangazaji. Atataja majina. Wote tunayo majina ya kutaja.

Ila wengi hawaelewi konekisheni inafanya kazi gani hasa. Wanadhani inanunua umaarufu. Mimi nimekaa miaka mingi nyuma ya mitambo ya studio na baadaye kwenye meza za mikataba, na ninavyoona, kitu kikubwa kuliko vyote anachopewa mtoto wa kishua ni nafasi ya kukosea.

Nikuonyeshe. Binti anaingia studio, amelipia saa mbili. Ubeti wa kwanza umetoka safi. Kwenye ubeti wa pili, neno la mwisho la mstari wa tatu, sauti inashuka kidogo chini ya noti. Msikilizaji wa kawaida hatajua ni nini, ila atahisi kuna mahali pamelegea. Prodyuza anamwambia warudie. Binti anainua macho kwenye saa ya ukutani, anaona zimebaki dakika ishirini na kiitikio hakijaguswa. Anasema, "Iache tu, inatosha." Wimbo unatoka hivyo hivyo, na mwaka ule wote hana mwingine. Kesho yake kwenye kiti kile kile anakaa kijana ambaye nyumbani kwao wameshalipia studio mwezi mzima. Naye anashuka palepale. Anavua spika za masikioni, anakwenda kula, anarudi jioni na kurekodi upya. Siku ya pili anasema biti haimkai vizuri, inabadilishwa. Wimbo wake wa kwanza ukibuma, upo wa pili. Wa pili ukibuma, upo wa tatu. Wa nne ukishika, utasema huyu kijana ana kipaji, na utakuwa umesema kweli, maana kipaji chake kimepewa muda wa kukomaa mbele ya maikrofoni. Yule binti naye alikuwa nacho. Alichokosa ni huo wimbo wa nne.

Kwa hiyo kila nitakalokushauri hapa chini linalenga jambo hilo moja: uongeze idadi ya mara unazoweza kukosea bila kufilisika na bila kufungwa na karatasi ya mtu.

Mambo haya hayakuanza na Bongo Fleva. Taarabu ya Unguja ilianzia kasri. Sultani Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, ndiye anayetajwa kumpeleka Mohamed bin Ibrahim Misri akajifunze kupiga kanuni, ala ya nyuzi, na Ikhwani Safaa, chama kilichoanzishwa 1905, kilikuwa cha wanaume wenye nafasi zao walioimba kwa Kiarabu. Binti wa Fumba, mtoto wa wazazi waliokuwa watumwa, anayekuja mjini na vyungu vya kuuza, angepitia wapi? Siti binti Saad alipita. Alihamia mjini mwaka 1911, na mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi santuri, akiimba kwa Kiswahili, na santuri zile zikasikika pwani nzima. Wenye husuda walimtungia shairi la kumkejeli kwamba aliingia mjini na kaniki, na kama si sauti yake angekula nini.

Watu hupenda kuisimulia habari hii kama ushahidi kwamba sauti peke yake inatosha. Mimi huangalia ile miaka kumi na saba iliyo katikati ya 1911 na 1928. Katika miaka hiyo Siti alipata wanamuziki waliokubali kumfundisha na kupiga naye: Subeti bin Ambar kwenye udi, Buda Swedi, Mbaruk Talsam. Walikuwa wakikutana nyumbani kwake, wakifanya mazoezi, wakiyageuza mambo ya mtaani na ya mahakamani kuwa nyimbo. Hakuwa na ukoo wa kutajwa wala baba wa kumpigia mtu simu. Alikuwa na kundi la watu wa hali iliyokaribiana na yake, waliokuwa wakikosea pamoja na kurekebishana, mwaka baada ya mwaka, kabla mtu wa kampuni ya santuri hajawasikia. Hiyo nayo ni konekisheni, tena ndiyo ninayotaka uitafute.

Baada ya uhuru ufunguo ulishikwa na serikali. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 redio ya Tanzania Bara ilikuwa moja, Radio Tanzania Dar es Salaam, na kwa sehemu kubwa studio ya kurekodi bendi ilikuwa hiyo hiyo. Bendi kubwa zilikuwa za mashirika: NUTA Jazz ya chama cha wafanyakazi, Vijana Jazz ya umoja wa vijana, Polisi Jazz, na kuanzia 1978 Mlimani Park, ambayo baadaye ilikuwa ya DDC, shirika la maendeleo la jiji la Dar. Mwanamuziki alikuwa na mshahara, na gitaa lilikuwa la shirika. Nasikia watu wakiubeza mfumo ule, na kweli ulikuwa na siasa zake za nani anapendwa na bosi gani. Lakini ulimpa mtoto wa mkulima nafasi ya kupiga jukwaani usiku hadi usiku huku amekula. Ubaya wake ulikuwa upande wa umiliki. Marijani Rajab, Jabali la Muziki, alifariki mwaka 1995 na mali aliyoiacha haikulingana hata kidogo na jina lake. Nyimbo ziliishi redioni, mwenyewe hakuishi nazo.

Na wakati mwingine mtu mmoja tu alitosha kubadilisha mambo. Kanda ya Remmy Ongala na Super Matimila iliondoka Dar mikononi mwa rafiki Mwingereza, ikafika kwa watu wa WOMAD, tamasha la muziki la Uingereza, na mwaka 1988 bendi ilikuwa Ulaya. Mwaka uliofuata walirekodi Real World, studio ya mwanamuziki Mwingereza Peter Gabriel. Je, Remmy alibebwa? Kanda ilibebwa. Lakini kulikuwa na kanda ya kubebwa, ya bendi iliyokuwa imeshapiga kwenye mabaa ya Dar kwa miaka. Laiti rafiki yule angekuja akakuta bendi bado inatafuta mpiga besi, angerudi kwao mikono mitupu.

Hata rap, ambayo leo tunaiona ni sauti ya uswahilini, ilianzia ushuani. Walioishika mapema Dar es Salaam wengi walikuwa vijana wa Upanga na Oysterbay, wenye ndugu nje wa kuwatumia kanda na wenye Kiingereza cha kuzielewa. Mwaka 1991 Saleh Jabir alishinda shindano la Yo Rap Bonanza kwa kurap kwa Kiswahili. Ilipokuja redio binafsi, Radio One mwaka 1994 na nyingine zikafuata, vijana wa Temeke, Mbeya na Morogoro waliichukua lugha ile na muziki ule wakaenda navyo mbali kuliko walioanza. Faida ya waliotangulia ilikuwa kanda. Kanda zilipokuwa za kila mtu, faida ikaisha. Hili liweke akilini: faida ya mwenye nacho hukaa mahali fulani maalumu kwa wakati fulani, na mahali hapo huhama. Leo imekaa kwenye muda wa studio na bajeti ya video. Kurekodi sauti safi si tatizo tena, simu ya kawaida na chumba chenye mapazia mazito vinatosha kwa demo.

Najua unachotaka kuniuliza sasa: na Diamond je? Amekulia Tandale kwa mama yake, na mwenyewe amesimulia mara nyingi jinsi pete ya mama ilivyogeuka pesa ya studio. Mwaka 2010 alitoka na tuzo tatu za Kili kwa mkupuo. Hadithi hii vijana huipenda sana, na ndiyo inayowafanya wauze vitu vya bibi zao. Lakini itazame hadi mbele. Baada ya zile tuzo alijenga menejimenti ya watu waliokuwa wakijuana na mapromota na wasanii wa nchi nyingine, na remix ya mwaka 2014 aliyofanya na Davido wa Nigeria ndiyo iliyompeleka kwenye televisheni za Afrika nzima. Davido ni mtoto wa bilionea Adedeji Adeleke, na hajawahi kulificha hilo; albamu yake ya kwanza, ya 2012, imelibeba kwenye jina lake. Kwenye wimbo mmoja wamesimama mtoto wa Tandale na mtoto wa bilionea, na msikilizaji hajali nani ametoka wapi. Nigeria hiyo hiyo ina Wizkid wa mtaa wa Ojuelegba, Lagos, ambaye mwaka 2009 alisainiwa na lebo ya mwimbaji Banky W baada ya miaka ya kuzurura studio za watu. Wawili wale wamekuwa wakikimbizana zaidi ya mwaka wa kumi sasa. Pesa ya baba ilimwezesha Davido kuanza mapema na bila njaa. Kuendelea kutoa nyimbo zinazopendwa mwaka hadi mwaka ni kazi ambayo mzee hawezi kumfanyia mtu.

Na Zuchu? Mama yake ni Khadija Kopa, malkia wa taarabu, na alipotambulishwa Wasafi, lebo ya Diamond, mwezi Aprili 2020 watu walisema amebebwa na jina. Ukikulia nyumba ya mwimbaji unasikia mazoezi tangu tumboni. Unajua pumzi inachukuliwa wapi, unajua jukwaa halimlipi anayechelewa, unajua promota gani ni wa kuogopwa. Huo ni urithi mkubwa kuliko jina, na ni upendeleo kweli. Ila wewe ni mtu wa Tanga, mji wa Black Star na Lucky Star, vikundi vya taarabu, mji aliotokea kuvumia mwimbaji Shakila. Wako wazee hapo kwenu waliowahi kushika akodiani na fidla kwenye bendi hizo au kukaa karibu na walioshika. Nenda ukapige hodi. Hakuna lebo inayouza elimu ile.

Sasa nije kwenye bahati, kwa sababu watu huichanganya na konekisheni. Mwaka 2006 jarida la Science lilichapisha jaribio la Matthew Salganik, Peter Dodds na Duncan Watts. Waliwakusanya watu 14,341 mtandaoni, wakawawekea nyimbo 48 za bendi zisizojulikana, wakawaruhusu kusikiliza na kupakua wanazozipenda. Kundi moja halikuonyeshwa wenzao wanapakua nini. Wengine waligawanywa katika vikundi vinane, na kila kikundi kiliona idadi ya upakuaji ya kikundi chake tu. Kama kipaji ndicho kinachoamua kila kitu, vikundi vyote vinane vingekuwa na vinara wale wale. Havikuwa. Wimbo mmoja ulioshika nafasi ya 26 pale ambapo watu walichagua wenyewe ulikuwa wa kwanza kwenye kikundi kimoja na wa 40 kwenye kingine. Wimbo ule ule, sauti ile ile. Waliopakua mwanzo ndio waliowavuta waliofuata.

Jaribio hilo lilionyesha jambo la pili, na ndilo lililonifanya nilitaje: nyimbo bora sana hazikuanguka hadi mkiani ila kwa nadra, na mbovu kabisa zilipanda kwa nadra. Pale katikati ndipo chochote kiliweza kutokea. Na katikati ndipo tulipo wengi wetu tunapoanza. Maana yake kwa kazi yako ni kwamba ubora hukutoa kwenye hatari ya mkiani, na baada ya hapo unahitaji kurusha wavu mara nyingi. Mwenye wimbo mmoja ana tiketi moja. Tena wale majaji uliokutana nao Dar ni kikundi kimoja kati ya vingi. Harmonize naye aliwahi kukataliwa kwenye usaili wa Bongo Star Search, na waliomkataa walikuwa watu wanaojua muziki.

Nchi hii imewahi kuwa na mahali ambapo asiye na mtu alipewa watu. Tanzania House of Talent, aliyoiasisi Ruge Mutahaba, aliyefariki Februari 2019, iliwatoa Mwasiti, Barnaba, Linah, Nandy. Temeke, Said Fella na kituo chake cha Mkubwa na Wanawe wakawatoa Yamoto Band, na ndani yake Aslay na Mbosso. Mle vijana walifundishwa kucheza, kusimama jukwaani, kuimba bila biti, na walikosea sana bila kulipia kwa saa. Nitasema wazi, ningependa kuona halmashauri na wizara zikiweka pesa kwenye nyumba kama hizo kila mkoa kuliko kwenye matamasha ya siku moja. Uingereza walianzisha BRIT School huko Croydon mwaka 1991, shule ya bure, na Adele na Amy Winehouse wamepita mle. Kwa upande wako, Bagamoyo ipo TaSUBa, taasisi ya sanaa na utamaduni, na Unguja ipo Dhow Countries Music Academy, walikopita akina Siti Amina. Hazipo mbali na Tanga. Ulizia ada na kozi fupi kabla hujaulizia bei ya video.

Nisimame zaidi kwenye mkataba, kwa sababu hapo ndipo umaskini unapogeuka kifungo. Mtoto wa kishua akiletewa karatasi mbaya anasema ngoja nimwonyeshe mwanasheria wa mzee. Wewe ukiletewa, una kodi ya chumba na njaa, na aliyeileta anajua hivyo. Nimesoma mikataba ambayo ukurasa wa kwanza unazungumzia gari na nyumba ya kukaa msanii, na ukurasa wa tisa unasema akaunti ya YouTube, jina la kisanii na masta, yaani rekodi za asili, za nyimbo zote ni mali ya kampuni hata baada ya mkataba kwisha. Msanii alikuwa amesoma ukurasa wa kwanza.

Basi soma wa tisa. Tazama muda umehesabiwa kwa miaka au kwa idadi ya albamu, kwa sababu albamu inaweza kucheleweshwa usitoke kamwe. Tazama gharama zinarudishwaje: kama kila shilingi waliyotumia inakatwa kwenye fungu lako kabla hujaona senti, basi ile nyumba na lile gari umejikopesha mwenyewe. Tazama asilimia ya shoo, maana kwa msanii wa kwetu shoo na matangazo ndiyo pesa ya kula. Na tazama bei ya kutoka. Harmonize alisema hadharani kwamba kuondoka lebo yake ya zamani kulimgharimu shilingi milioni 500 na ikambidi auze baadhi ya mali zake. Sisemi lebo ilikosea. Iliwekeza na karatasi ilikuwa na saini. Nasema yeye alikuwa na cha kuuza wakati huo. Wewe huna.

Haki yako inakulinda kuliko unavyodhani. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inakupa umiliki tangu unapotunga, na kusajili kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kunakupa ushahidi. Mwana FA na AY waliishtaki kampuni ya simu kwa kutumia nyimbo zao mbili kama miito ya simu bila ruhusa, na mwaka 2016 mahakama ya Ilala iliwapa zaidi ya shilingi bilioni 2. Januari 2022 COSOTA iligawa mirabaha ya nyimbo zilizopigwa redioni.

Kuna jambo hukuliuliza, na kwa kuwa wewe ni binti nalitaja. Utakutana na mwanaume mwenye ufunguo, awe prodyuza, meneja au mtangazaji, atakayekwambia bei yake kwa macho kabla hajasema kwa mdomo. Kudai ngono ili kumpa mtu nafasi ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na TAKUKURU wanapokea taarifa bure kwa namba 113. Tunza jumbe, usifute. Usiende kikao cha usiku peke yako hata kama unaambiwa ndiyo ratiba ya studio. Nafasi ya namna hiyo haizai wimbo wa pili, nimeona wengi wakiachwa njiani wakiwa wamevunjika moyo kabisa.

Sasa laki sita. Mtu anayeuza "kusukuma" hana redio, ana namba ya simu ya mtu aliyepo redioni. Ukimpa, wimbo unaweza kupigwa mara kadhaa usiku wa manane, naye atakutumia kipande cha video ya studio kama risiti. Wiki inayofuata atataka nyingine. Muhimu kuliko hilo, wimbo mmoja ukivuma kesho asubuhi, huna wa pili wa kufuatilia, huna bendi, huna meneja, na huna karatasi na mpiga kinanda wako. Sifa itakuja ikukute mikono mitupu, itapita. Na ikiwa mtangazaji analipwa mfukoni ili apige wimbo, hiyo ni rushwa, na unayeitoa unahesabika ndani yake.

Pesa hiyo kama unaweza kuipata bila kuuza cherehani, igawe kwa muda. Lipia siku za studio zilizoachana, ili kati ya moja na nyingine upate kusikiliza ulichokosea. Rekodi nyimbo nne au tano kwa sauti na kinanda tu, bila mbwembwe. Ziimbe harusini kwanza: watu wa harusi hawana adabu ya kukusikiliza bure, ukiona mama anayegawa pilau amesimama na sinia mkononi hadi kiitikio kiishe, wimbo huo ndio wa kumalizia. Redio za mikoani hupokea kazi za watu wa kwao bila kujuana na mtu wa Dar; peleka mwenyewe, mchana, ukiwa na nakala safi na maelezo yako kwenye karatasi moja. Sauti za Busara, tamasha la muziki la Zanzibar, hupokea maombi kila mwaka kutoka kwa wanaopiga muziki laivu, na binti wa Tanga mwenye kinanda na akodiani nyuma yake ana cha kuwaonyesha. Kushona nako kuendelee, kwa sababu cherehani ile ndiyo itakayokufanya uweze kumwambia mtu wa mkataba "ngoja niusome kwanza."

Umeuliza uendelee au uache. Endelea, kwa kuwa kufika hatua ya mwisho kwenye usaili ambao huenda matokeo yake yalikuwa yameshapangwa kunaonyesha walikusikia. Waandikie waliokusimamia, waulize kwa heshima walipenda nini na walikuta upungufu gani. Mmoja akijibu, tayari una mtu.

Na kabla wimbo ule haujatoka popote, kaa na rafiki yako wa kinanda mwandikishane: nani alitunga maneno, nani alitunga sauti, asilimia ya kila mmoja, tarehe, saini mbili, na mtu mzima mmoja wa kushuhudia. Kila mtu abaki na nakala yake, kisha nendeni mkasajili kwa majina yenu nyote wawili.